Majani ya mpera: namna ya kuyachuma, kuyachemsha na kuyatumia bila kujidhuru

Katika nyumba nyingi za Dodoma, kuanzia Chang'ombe mpaka Hombolo, tumbo likianza kuendesha usiku wa manane mtu hutumwa kwenye mpera ulio uani akachume majani. Mazoea hayo yana msingi. Jani la mpera limechunguzwa maabara na kwa wagonjwa katika nchi kadhaa, na sehemu ya yale ambayo bibi zetu waliyasema imethibitika. Kinachoniuma ni jinsi linavyotumika. Leo mtu anachemsha majani matatu, kesho kiganja kizima. Safari hii dakika mbili, safari ijayo saa nzima mpaka maji yanakuwa meusi. Halafu inasemwa dawa haishiki, au mgonjwa anafunga choo siku tatu.

Liko kosa kubwa kuliko hilo, nalo limeondoa watoto duniani: mgonjwa wa kuhara anapewa maji ya majani wakati mwili wake unakauka, na hakuna aliyekumbuka chumvi na sukari. Kwa hiyo kila kitakachoelezwa hapa kuhusu tumbo kimekaa juu ya kanuni moja. Maji, chumvi na sukari vinatangulia, jani linafuata nyuma kusaidia.

Ujue mti wenyewe

Mpera, ambao wataalamu wa mimea wanauita Psidium guajava, asili yake ni Amerika ya joto. Ni wa ukoo mmoja na mkarafuu, mkaratusi na mzambarau, miti ambayo nayo ina mafuta yenye harufu kwenye majani. Gome lake ni jembamba na laini, hubanduka vipande vipande na kuacha chini rangi ya kijani iliyochanganyika na shaba. Majani hukaa mawili mawili yakitazamana. Geuza jani upande wa chini upitishe kidole: mishipa imetokeza, unaihisi, na kuna vinyweleo vifupi. Lisugue, litatoa harufu kali iliyo safi. Ukivunja jani likatoa utomvu mweupe, huo si mpera, achana nao.

Dodoma ni kukavu. Mvua ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili hivi, na kwa mwaka mzima hufika karibu milimita 600. Ndiyo maana mipera mingi ya mjini imesimama kando ya bafu, karo au bomba, mahali inapopata maji ya kumwagwa. Mti wenyewe unanufaika, lakini matawi ya chini yanarukiwa na maji machafu. Usichume chini ya usawa wa kiuno kwenye mti wa namna hiyo.

Kilichomo ndani ya jani

Tafuna jani changa la mpera, ulimi unakauka na mashavu yanajikunyata. Huo ukakasi ni tanini. Tanini hushikana na protini zilizo juu ya ngozi ya ndani ya kinywa na utumbo na kuikaza, kwa hiyo maji hayatoki ovyo, na kidonda kidogo hukauka upesi. Pamoja na tanini kuna flavonoidi, hasa kwerisetini na ndugu zake, ambazo hutuliza misuli ya utumbo. Msokoto wa tumbo ni misuli hiyo inavyojikaza kwa nguvu, na hapo ndipo jani linapopunguza maumivu. Tatu ni mafuta yenye harufu, ambayo huruka na mvuke ukichemsha bila kifuniko.

Maabara imeonyesha mara nyingi kwamba maji ya majani haya huzuia baadhi ya bakteria kukua, wakiwemo wanaosababisha majipu na wengine wanaoharibu tumbo. Hilo ni jambo jema, ila bakteria ndani ya kisahani cha maabara si sawa na bakteria ndani ya mwili wa mtu. Mtu akikuambia jani la mpera linatibu taifodi kwa sababu "utafiti umeonyesha", mwambie hapana. Taifodi inatibiwa kwa antibayotiki alizoandika daktari.

Kuchuma

Chuma asubuhi, umande ukishakauka na kabla jua halijawa kali. Kwa tumbo na kinywa chukua ncha za matawi: kichipukizi pamoja na majani mawili au matatu yanayokifuata, yenye kijani cha kung'aa na yasiyo magumu. Kwa kukausha na kwa kuogea unaweza kushuka kidogo mpaka jani la nne na la tano. Majani makuukuu ya chini hayana nguvu kama machanga.

Yapo majani ya kuyaacha. Yenye vumbi jeusi mithili ya masizi: huo ni ukungu unaoota juu ya utamu unaoachwa na wadudu wadogo weupe wanaofyonza jani, na ukigeuza upande wa chini utawaona wenyewe. Yenye wekundu wa zambarau, kama yanavyobadilika Juni na Julai baridi ya Dodoma inapopiga. Yaliyo kando ya barabara ya vumbi na magari. Na yaliyo kwenye mti uliopuliziwa dawa ya wadudu; kwa mti wa jirani, uliza kwanza. Usivue tawi lote. Chukua ncha chache hapa na pale, mti utachipua tena ndani ya wiki chache kama unapata maji.

Yaoshe kwa maji safi yanayotiririka, jani kwa jani, pande zote mbili. Vumbi letu la Agosti na Septemba linajificha kwenye vinyweleo vya upande wa chini, na kutumbukiza mara moja kwenye beseni hakutoshi.

Maji na chombo

Hapa watu wengi hawapaangalii kabisa, na kwa Dodoma ni mahali muhimu mno. Maji yetu mengi yanatoka visimani, Makutupora na kwingineko, na ni mazito kwa chumvichumvi za ardhini. Kila mwenye birika anaujua ule ukoko mweupe. Maji hayo yakichemshwa na majani ya mpera hutoa rangi nzito kuliko kawaida na utando juu, na ukitazama rangi tu utadhani dawa imekolea kumbe bado. Chemsha maji peke yake kwanza, yaache yatulie usiku kucha, mimina ya juu taratibu na uache mashapo chini. Maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi na kuchemshwa ni bora zaidi.

Chombo kiwe sufuria isiyoshika kutu (stainless steel) au chungu cha udongo. Usitumie sufuria la chuma. Ukitaka kuona sababu kwa macho yako, fanya hivi: mimina nusu kikombe cha maji ya majani yaliyopoa kwenye glasi, tumbukiza msumari wenye kutu, subiri. Baada ya muda maji ya dhahabu yanaanza kufanya wingu jeusi kuuzunguka msumari, na mwisho glasi nzima inakuwa ya rangi ya wino. Tanini imeshikana na chuma. Mwaga maji hayo, usiyanywe. Lakini likumbuke jambo hilo, maana ndivyo tanini inavyofanya pia na madini ya chuma yaliyo katika maharage, mchicha na mlenda wako ukinywa dawa hii pamoja na chakula. Nitalirudia kwa wajawazito.

Tumbo la kuendesha

Anza na maji ya chumvi na sukari, yanayorudishia mwili maji uliyopoteza. Pakiti ya ORS inapatikana duka la dawa na zahanati, na pakiti ya kawaida inachanganywa kwenye lita 1 ya maji safi. Soma maandishi ya pakiti. Kama usiku umeingia na pakiti hakuna, tengeneza nyumbani: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu visiwe na kilima. Usizidishe chumvi. Onja: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Mgonjwa anywe kidogo kidogo kila anapotoka chooni, na akitapika mngoje dakika 10 kisha uendelee polepole. Yasiyoisha ndani ya saa 24 yamwagwe.

Mgonjwa akishaanza kunywa, ndipo uweke majani jikoni. Kwa mtu mzima:

1. Chukua majani machanga 8 mpaka 10 yaliyooshwa. Yachane kwa mkono vipande viwili vitatu.
2. Yatie kwenye nusu lita ya maji, yaani vikombe viwili.
3. Yakianza kuchemka punguza moto, uwe wa makaa yaliyotulia au gesi ndogo. Yaache yatokote dakika 10 mpaka 15. Yasizidi hapo.
4. Epua, funika, yaache dakika 5. Chuja kwa chujio la chai lililo safi.
5. Rangi iwe ya dhahabu iliyokolea kuelekea kahawia, uonje ukakasi bila kukunja uso. Yakiwa meusi ongeza maji ya moto.
6. Kunywa nusu kikombe, mara tatu kwa siku, kati ya mlo mmoja na mwingine, si pamoja na chakula. Choo kikianza kushikamana, acha. Usiendelee "kumalizia dozi".

Ukiwa na majani makavu, kijiko kimoja cha chakula kilichojaa cha majani yaliyovunjwavunjwa kinatosha kikombe kimoja na nusu cha maji, kwa muda ule ule.

Wengine hutafuna vichipukizi vitatu vinne pamoja na chembe ya chumvi na kumeza maji yake. Ni njia ya zamani, na kwa msokoto mdogo wa mtu aliyekula ovyo safarini inasaidia. Sharti vioshwe kwa maji salama, kwa sababu jani lililooshwa kwa maji machafu litakuongezea ulichokuwa unakiondoa.

Huko Meksiko, jani la mpera limetengenezwa kuwa vidonge vyenye kipimo kinachojulikana cha kwerisetini na kujaribiwa kwa watu wazima wenye kuhara, na maumivu ya tumbo yalipungua mapema. Kipimo cha kidonge kimepangwa. Cha sufuria yako hakijapangwa, na ndiyo sababu nasisitiza hesabu ya majani na dakika.

Mtoto wa chini ya miaka mitano simpi maji ya mpera, na nakusihi nawe usimpe. Mtoto anakauka haraka, na kitumbo kidogo kikijaa maji ya majani hakina tena nafasi ya ORS na maziwa ya mama. Wake ni ORS, kunyonya mara nyingi zaidi, na zinki: miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 mpaka 14 kwa aliyefikisha miezi 6, na miligramu 10 kwa aliye chini ya hapo, kama utakavyoelekezwa zahanati. Mtoto anayenyonya tu asipewe kitu kingine chochote cha kienyeji.

Zipo dalili ambazo ukiziona unafunga safari, hata kama ni usiku, kwenda kituo cha afya: macho yamedidimia, utosi wa mtoto umebonyea, ukifinya ngozi ya tumbo inarudi polepole, mkojo umepungua au hautoki, mgonjwa amelegea au hawezi kunywa, kinyesi kina damu, homa ni kali. Choo kikiwa chepesi cha rangi ya maji ya mchele na kinatoka kwa wingi, hiyo inaweza kuwa kipindupindu, na kinaua ndani ya saa chache. Njiani endelea kumpa ORS. Na kinyesi chenye damu hakizibwi kwa ukakasi wa jani wala kwa vidonge vya kufunga choo. Anayefunga choo hicho anawafungia wadudu ndani. Hata bila dalili hizo, kuhara kukivuka siku mbili kwa mtu mzima, nenda ukapimwe.

Fizi, mdomo na koo

Baada ya tumbo, hapa ndipo ninapoliamini jani la mpera zaidi. Fizi zinazovuja damu ukipiga mswaki, vidonda vidogo vya mdomoni, koo linalowasha: tanini inakaza, na bakteria wa kinywani wanapungua. India wamelijaribu kama maji ya kusukutulia na fizi zikapata nafuu.

Chemsha majani 6 mpaka 8 katika kikombe kimoja na nusu cha maji kwa dakika 10, chuja, acha yapoe mpaka vuguvugu. Ukipenda ongeza chembe ya chumvi. Piga mswaki kwanza, kisha sukutua kwa nusu dakika mpaka dakika moja, tema. Asubuhi na jioni, wiki moja. Tengeneza mapya kila siku. Yaliyolala huvunda hata kama hayanuki. Usiendelee miezi na miezi, kwa sababu tanini yenyewe hupaka meno rangi.

Jino lililotoboka litapoa kwa saa chache tu. Shimo haliwezi kuzibwa na jani, linazibwa na daktari wa meno. Vilevile madoa ya kahawia ambayo wenzetu wengi wa Singida na Manyara waliyapata utotoni, meno yakiwa bado yanajengeka, kwa kunywa maji yenye floridi nyingi hayatoki kwa mpera, hata usukutue mwaka mzima.

Ngozi

Kwa mikwaruzo, upele wa joto na miguu inayowasha katikati ya vidole, chemsha konzi moja ya majani kwenye lita 1 kwa dakika 15 na sufuria imefunikwa. Chuja kwa kitambaa safi, acha yapoe kabisa, osha sehemu hiyo mara mbili kwa siku, iache ikauke yenyewe. Kidonda kioshwe kwanza kwa maji safi na sabuni.

Kutafuna jani na kulibandika kwenye kidonda, kama wachungaji wanavyofanya porini, naomba tuache. Mate yana bakteria wengi. Kidonda cha msumari, mwiba wa mgunga au jembe kinahitaji sindano ya pepopunda. Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka dakika 20, asipakwe jani, dawa ya meno wala unga. Aliyeumwa na nyoka apelekwe hospitali mara moja.

Mafua na nyungu

Mwaka 2020, wakati wa korona, nchi nzima ilijifukiza, na katika sufuria nyingi majani ya mpera yalikaa na mwarobaini, mchaichai, mlimao na mkaratusi. Mvuke unalainisha kamasi na kukufanya upumue vizuri kwa muda. Hauui virusi vya mafua, wala hautibu nimonia. Ukitaka kuutumia, chemsha majani na kifuniko kikiwa juu ili mafuta yenye harufu yasipotee, mimina bakulini, weka bakuli mezani mahali pasipotikisika, jifunike taulo umbali wa mkono mmoja, dakika 5 mpaka 10, macho yamefumbwa. Nyungu ya sufuria linalochemka ndani ya blanketi na mtoto mapajani ni hatari. Watoto wameungua vibaya kwa namna hiyo.

Kikohozi kilichovuka wiki mbili kipimwe makohozi kwa ajili ya kifua kikuu. Homa nayo ipimwe malaria. Kipimo cha haraka kinachukua dakika chache tu, na ikionekana, dawa mseto ndiyo tiba.

Sukari ya kupanda

Jani la mpera linazuia kwa kiasi vimeng'enya vinavyovunja wanga tumboni, kwa hiyo sukari baada ya kula ugali inapanda taratibu zaidi. Japani waliruhusu tangu mwaka 2000 chai ya majani haya iuzwe kama kinywaji cha kuwasaidia watu wanaochunga sukari. Kinywaji cha kusaidia, si dawa ya kisukari.

Ninapowasikia watu wakiambiwa waache metformini au insulini wanywe mpera, roho inaniuma, kwa sababu matokeo yake tunayajua: macho, figo na miguu. Mwenye kisukari anaweza kunywa kikombe kimoja chepesi, majani makavu kijiko kimoja cha chai yaliyolowekwa kwenye maji ya moto dakika 5, pamoja na mlo mmoja kwa siku, baada ya kumwambia daktari wake na huku akiendelea kupima. Anayetumia glibenklamidi au insulini awe mwangalifu zaidi, maana sukari inaweza kushuka mno: jasho jembamba, kutetemeka, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa. Akiona hivyo anywe soda yenye sukari au maji ya sukari papo hapo.

Maumivu ya hedhi

Akina mama wengi hunywa mpera kwa chango. Utafiti wa Meksiko uliochapishwa mwaka 2007 uliona dondoo la majani haya lilipunguza maumivu ya hedhi kwa wanawake waliolitumia kila mwezi. Nusu kikombe cha maji yale ya tumbo, mara mbili kwa siku, siku mbili za mwanzo, haina ubaya kwa mwanamke mzima asiye mjamzito. Maumivu yanayozidi mwezi hadi mwezi, au damu inayotoka kwa mabonge, yaende kwa daktari.

Kuna lingine linalosambazwa sana kwa wanawake, tena kwa kunong'onezana: kujiosha ukeni kwa maji ya majani ya mpera "ili kubana". Dada zangu, msifanye. Ukakasi unakausha ngozi laini na kuichuna, na kunawa ndani kunawaondoa bakteria wema wanaoulinda uke. Anayekauka hivyo hupata michubuko wakati wa tendo, na michubuko ni mlango wa maambukizi, ikiwemo VVU. Uke unajisafisha wenyewe. Ukiwa na uchafu unaonuka au muwasho, nenda kliniki, hakuna aibu.

Kuhusu nywele kuota kwenye upara, kuyeyusha kitambi na "kusafisha figo", sijaona ushahidi wa kumfanya mtu apoteze muda wake.

Nani asitumie

Mjamzito asinywe. Usalama wake kwa mimba haujathibitishwa, na wengi wa akina mama wetu tayari wana upungufu wa damu. Kumbuka ule msumari kwenye glasi. Vidonge vya madini ya chuma anavyopewa kliniki vitashikwa na tanini namna ile ile. Mtu yeyote mwenye upungufu wa damu aliyeamua kunywa aache saa mbili kati ya maji ya mpera na chakula au vidonge vyake. Mwenye choo kigumu asiguse. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na anayesubiri upasuaji, amuulize daktari kwanza. Na popote uendapo hospitali, useme ulichokunywa. Hakuna mganga mzuri atakayekugombeza kwa kusema ukweli.

Kukausha na kutunza

Hewa yetu kavu ni baraka kwa kazi hii. Osha majani, yakung'ute maji, yatandaze kwenye ungo au mkeka, tabaka moja, chumbani au ukumbini penye upepo na pasipo jua. Jua hufukuza harufu na kuyageuza kahawia. Funika kwa chandarua safi kwa ajili ya nzi na vumbi. Geuza kila siku. Kiangazi, siku tatu mpaka tano zinatosha. Masika huchukua zaidi na ukungu unanyemelea. Jani likiwa tayari hupasuka kwa mlio ukilikunja na bado lina rangi ya kijani. Liweke kwenye chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, mbali na jiko, uandike tarehe. Baada ya miezi sita tupa.

Ukinunua sokoni, uliza. Niliwahi kumsalimia kwa Kigogo bibi mmoja mwenye mafungu ya majani makavu:

"Mbukwa, bibi."

"Mbukwa, mjukuu wangu. Karibu."

"Haya yalichumwa lini?"

"Ya juzi tu. Nusa."

Nikanusa, yakanuka sakafu. Nikamwambia kwa heshima kwamba nitasubiri mapya, naye akaniambia nirudi Jumamosi, na Jumamosi yalikuwa ya kijani kweli. Pua inatosha kukuamulia. Anayekuuzia kama mganga, na si kama muuza mboga, anatakiwa awe amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoanzishwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 2002. Muombe akuonyeshe cheti.

Kuwa na mpera wako

Chimba shimo la sentimita 60 kwa 60, kina vilevile, Oktoba au Novemba. Changanya udongo wa juu na ndoo mbili za samadi iliyooza. Mvua za kwanza za Desemba zikilowesha vizuri, panda mche wenye urefu wa goti. Zungushia tuta dogo la udongo la kushika maji, tandaza nyasi kavu lakini zisiguse shina, maana mchwa wa huku watalipanda. Miti miwili iachane mita 5. Kiangazi cha kwanza ndoo moja kila siku tatu itauvusha. Maji ya kufulia yenye sabuni nyingi usiyatumie. Weka uzio wa miiba tangu siku ya kwanza, mbuzi wanapenda vichipukizi kuliko wewe. Majani ya kuchuma utayapata baada ya mwaka, mapera baada ya miaka miwili mpaka minne, na hayo kula bila wasiwasi, kwa sababu gramu 100 za pera zina miligramu 200 na zaidi za vitamini C, karibu mara nne ya chungwa.